Mubi: Anafunga mkanda apate nyumba Goma

Mubi, karibu na mgodi wa Bisie katika Walikale, maisha ni ghali. Barabara ni mbovu, na kwa miaka mingi chumvi na sabuni zilifika kwa ndege kutoka Goma. Hata hivyo mchimbaji mmoja wa kasiterite aliacha bia, akaacha kula mkahawani, akala fufu na sombe ya bibi yake. Kila juma alitia fungu lake katika likelemba, akitafuta kiwanja Goma. Januari 2025 vita viliingia Goma, benki zikafungwa. Zamu yake ya likelemba ilipofika, wenzake walimpa pesa zote mkononi. Amenunua mbao na mabati. Anajenga hapahapa Mubi. Goma itangoja amani.