Bandari Yenye Sura Nyingi

Picha dhahania, yaani ile isiyoiga umbo la kitu kama lionekanavyo, haijapata makao katika shule zetu. Hapa Kabezi mwalimu mwenzangu aliitazama nakala ya picha iitwayo Porthleven, kazi ya Mwingereza Peter Lanyon, akaniambia: "Mzee, hizi ni rangi zilizomwagika tu." Neno lake lastahili jibu, maana wanafunzi wetu nao watalisema.

Lanyon alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa St Ives, jimbo la Cornwall. Porthleven ni bandari ya wavuvi ya jimbo hilo hilo. Aliichora mwaka 1951 kwa rangi ya mafuta juu ya ubao uliopita kimo cha mtu, na leo picha hiyo ni mali ya jumba la Tate. Kabla ya kuichora aliunda vielelezo vya kushikika ili alielewe umbo la mahali pale. Ndani yake mnara wa saa watambulikana; lakini bandari yatazamwa mara kutoka juu, mara kutoka ubavuni, kana kwamba mtu ameizunguka yote kwa miguu. Baadaye, mwaka 1959, alianza kujifunza kurusha ndege isiyo na injini, apate kuijua nchi yake kutoka angani. Ajali ya ndege hiyo ndiyo iliyomwua mwaka 1964.

Je, huo ni mchezo wa rangi? Tumtazame mvuvi wetu wa ndagala. Usiku ufukwe kwake ni taa chache zilizo mbali. Alfajiri ni vilima vya Burundi vikikua mbele yake, na milima ya Kongo ikizama nyuma. Wakati wote ni upepo shavuni na uzito wa wavu mkononi. Ni ufukwe mmoja, nao una sura nyingi. Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kumeza nyumba na mashamba kandokando ya ufukwe wa Burundi, picha za kamera zilituonyesha maji matupu. Wenyeji waliona chini ya maji hayo njia, mwembe na ua wa jirani. Nani atauchora ujuzi huo?

Wala sanaa ya namna hii si ngeni kwetu. Mapambo ya vikapu vyetu ni pembe na mizunguko, na hakuna amwulizaye msusi, "Huyu ni mnyama gani?"

Watoto wetu wakiambiwa wachore ziwa, aghalabu huleta mstari mmoja, mtumbwi mmoja na jua lenye miale. Wameuchora ubao wa mwalimu. Walimu wenzangu, tuwapeleke kwanza ufukweni. Wausikilize, waukanyage, wawaulize wazee palipokuwa na nyumba. Kisha tuwape karatasi, na tusiwaharakishe kutueleza walichokichora ni nini.