Nani Anapanga Bahasha?

Wasomaji wa safu hii wamezoea kukuta hapa mijadala ya bajeti, katiba, uchaguzi na mitaala. Leo ninazungumzia mkasi, gundi, karatasi za manila na bahasha za kaki. Sijaiacha siasa. Nimeikuta mahali ambapo sisi wanataaluma hatuna mazoea ya kuitafuta, yaani juu ya meza ya chakula, katikati ya watoto wanaobandika picha.

Mama yangu amevuka miaka sabini na anaishi kijijini, mkoani Dodoma. Ana wajukuu kumi na mmoja, wengi wao wakiwa wamezaliwa na kukulia mijini. Picha za maisha yake yote zimo ndani ya kopo la biskuti. Baadhi ni nyeusi na nyeupe. Nyingine ni za rangi, za miaka ya 1980, ambazo sasa zimefifia na kuelekea wekundu. Nyuma ya nyingi kati ya hizo hakuna neno lililoandikwa. Anayejua nani ni nani, na picha ilipigwa wapi, ni yeye peke yake. Siku akituacha, kopo lile litabaki na sura za watu wasio na majina. Kwa sababu hiyo niliamua kwamba katika likizo ya Desemba wajukuu wamtengenezee bibi yao kitabu cha kumbukumbu, kila mtoto ukurasa wake, naye akiwa ameketi hapo hapo kuwasimulia.

Kazi ya aina hii ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, alipata hataza mwaka 1873 kwa kubuni kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zilikwisha kupakwa gundi. Mtumiaji alitakiwa kuzilowesha tu. Mjini New York, Mmarekani mweusi Alexander Gumby alikusanya kwa miongo kadhaa habari za magazeti, picha, barua na vipeperushi vilivyohusu maisha ya watu wake, akavibandika katika vitabu vingi, na mwaka 1950 mkusanyiko huo ukaingia Chuo Kikuu cha Columbia. Leo watafiti wanausoma kama hazina. Alikuwa na mkasi na gundi, na alikuwa na yakini kwamba watu wake walistahili kumbukumbu.

Tangu miaka ya 1980 shughuli hiyo imekuwa biashara kubwa nchini Marekani. Maduka huuza pakiti zenye karatasi, utepe, vibandiko na herufi ambazo rangi zake zimekwisha kupatanishwa, na kila pakiti ina mada yake: harusi, siku ya kuzaliwa, mtoto mchanga, mapumziko ufukweni. Ukinunua pakiti, umenunua pia uamuzi wa mtu mwingine kuhusu mambo yanayofaa kukumbukwa.

Sisi tulitengeneza pakiti zetu wenyewe. Utaratibu wake ni rahisi, na nitaueleza kwa kuwa nimeombwa na wenzangu kadhaa kufanya hivyo.

Kazi huanza na picha, si na mapambo. Nilizipanga picha za mama kwa mafungu yaliyohusiana: utoto, ndoa, watoto, kilimo, kanisa, safari. Kisha nilizipeleka duka la kudurufu, zikatolewa nakala, na picha halisi zikarudi kwenye kopo; haifai kuikabidhi gundi kitu kisicho na pacha. Baada ya hapo niliitazama kila picha na kuchagua rangi mbili au tatu kutoka ndani yake. Picha nyeusi na nyeupe ya ndoa ilipata manila ya kijivu na karatasi ya kaki. Picha ya shamba la mtama ilipata rangi ya udongo na kijani kilichopauka. Rangi zikitoka ndani ya picha yenyewe, ukurasa hupatana bila mtu kuhangaika.

Kisha zikaja bahasha, moja kwa kila ukurasa. Ndani ya kila bahasha niliweka nakala za picha, vipande vya manila vilivyokwisha kukatwa kwa vipimo, kipande cha kitambaa, uzi wa kufumia, na kadi tupu ya kuandikia maelezo. Juu ya bahasha niliandika orodha ya vilivyomo, ili kilichokosekana kijulikane mara moja. Mikasi, rula, gundi na kalamu za rangi havikuingia humo. Hivyo ni vya wote na vilikaa katikati ya meza ndani ya boksi la viatu. Penseli laini ilitengwa kwa ajili ya kuandika majina nyuma ya picha halisi, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na kuichafua picha. Vitambaa vilitokana na kanga za mama zilizochakaa. Alitoa ruhusa kwa sharti moja: "Kateni pindo, kateni na mji wake, lakini jina liacheni zima." Maandishi ya kanga, kwa mtazamo wake, ni maneno ya mtu, na maneno ya mtu hayakatwi.

Faida ya mpango huo ilionekana mapema. Mtoto wa miaka minane akiwekewa lundo la karatasi za rangi zote, hutumia saa nzima kuchagua na kugombana na mwenzake, kisha huchoka kabla hajabandika kitu. Akipewa bahasha moja, huanza kazi. Muda uliookolewa ndio alioutumia kumsikiliza bibi yake. Maandalizi mazuri humpunguzia mtu mzigo wa maamuzi madogo ili nguvu yake iende kwenye jambo lenyewe.

Lakini hapa ndipo siasa inapoingia. Mwenye kujaza bahasha amekwisha kuandika nusu ya kitabu kabla watoto hawajaketi mezani. Mimi ndiye niliyeamua kwamba kuna ukurasa wa ndoa na ukurasa wa kanisa. Mtoto alikuwa huru kubandika picha kulia au kushoto, lakini hakuwa huru kuhusu mada. Hali hii si ngeni kwa yeyote aliyewahi kushiriki mikutano yetu ya upangaji shirikishi. Mtaalamu hufika kijijini na fomu zenye safu zilizokwisha kuchorwa, wananchi huulizwa vipaumbele vyao, nao hujibu kwa uaminifu, ila ndani ya safu zile. Utaratibu wetu wa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo ulijengwa juu ya malengo ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Mwanakijiji alialikwa kueleza fursa na vikwazo vyake kwa kufuata malengo ambayo yalikwisha kuandikwa. Asasi za kiraia nazo hazina la kujivunia hapa. Wangapi kati yetu tumeingia katika warsha ambapo kadi za rangi, bango kitita na hata maazimio vilikuwa tayari kabla ya chai ya saa nne?

Sisemi kwamba fomu zitupwe. Bila fomu, mkutano humwachia uwanja mwenye sauti kubwa, kama vile meza isiyo na bahasha humwachia karatasi zote mtoto mwenye mikono mirefu. Ninachosema ni kwamba kila mpango wa maandalizi lazima uwe na nafasi ambayo mwandaaji hakuijaza. Kwa kuwa nimeyaona hayo kwa miaka mingi katika utafiti wangu vijijini, niliandaa bahasha kumi na tatu kwa watoto kumi na mmoja. Mbili zilikuwa na manila nyeupe na kadi tupu, bila picha wala mada.

Bahasha ya kwanza kati ya hizo ilichukuliwa na binti wa dada yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amemaliza ukurasa wake. Alimuuliza mama, "Bibi, mbona hakuna picha ya nyumba mliyokaa ulipoolewa?"

Mama alinyamaza kidogo. "Nyumba hiyo haikupigwa picha, mjukuu wangu. Tuliiacha."

Wanafunzi wangu huisoma Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 katika vitabu. Wanajua kwamba ilitangulia tangazo la Novemba 1973, lililofanya kuishi katika vijiji vya maendeleo kuwa amri kwa nchi nzima. Wanaweza kujadili hoja za pande zote mbili: huduma za shule, maji na zahanati kwa upande mmoja, nguvu ya dola na uharibifu wa kilimo kwa upande wa pili. Mama hakujadili hoja. Alieleza tembe lilivyokaa, mlango ulikotazama, zizi la ng'ombe lilipokuwa, mbuyu uliokuwa upande wa machweo, na makaburi mawili karibu na mbuyu huo. Moja lilikuwa la mtoto wake wa kwanza. Mimi, mwanawe mwenye shahada ya uzamivu na makala kadhaa kuhusu sera za ardhi, nilikuwa najua kwamba mtoto huyo alikuwepo. Mahali alipolala nilipasikia siku hiyo.

Binti yule alichora ramani kwa penseli, akifuta na kuchora upya kila bibi yake aliposema, "Hapana, kisogeze kidogo." Kwenye kadi aliandika majina ya waliozikwa pale. Ndio ukurasa pekee katika kitabu chetu usio na picha hata moja, na ndio ambao mama huwaonyesha wageni kwanza. Hakuna pakiti ya dukani ambayo ingekuwa na mada hiyo, na hata bahasha zangu kumi na moja hazikuwa nayo.

Nchi yetu inayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002, na inayo idara yenye dhamana ya kuhifadhi nyaraka za taifa. Ni taasisi muhimu, nami nimekula matunda yake kama mtafiti. Lakini masijala huhifadhi kile ambacho serikali ilikiandika. Itakuwa na waraka wa operesheni na barua za mkuu wa wilaya. Haitakuwa na makaburi mawili chini ya mbuyu, isipokuwa mtu aliyeyajua ameulizwa, na jibu lake likaandikwa mahali. Waliohamishwa wakiwa na umri wa kukumbuka sasa ni wazee wa miaka sitini na kuendelea. Kila msimu wa kilimo unawapunguza.

Kwa wanafunzi, ombi langu ni dogo: likizo ijayo, kabla ya kununua chochote, chukueni penseli laini, mketi na mzee wenu, muandike majina nyuma ya picha. Karatasi za rangi zinaweza kusubiri. Kwa wanaharakati na watumishi wa umma, ombi ni gumu kidogo. Katika fomu ijayo, dodoso lijalo, mkutano ujao wa kijiji, wekeni bahasha isiyo na kitu, na muitengee muda wa kutosha. Msiiweke mwishoni, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wamesimama kuondoka. Iwekeni wakati ambao mzee bado ana nguvu ya kusema, "Hapana, kisogeze kidogo," na mwenye penseli bado ana subira ya kufuta.