Kabla ya Kupanda Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 tu, lakini nyingi ni za kupanda na kupinda. Huku mwamba, huku bonde la mto. Pale Soni maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani, na akina mama huuza peasi na plamsi.

Mlima huu hauvumilii gari bovu. Tulipokaribia Mombo na watoto, gari letu lilianza kunesanesa kila lilipopita tuta, na breki ilipokanyagwa pua iliinama. Fundi akachungulia nyuma ya tairi la mbele: shokapu imelowa oili, na tairi limelika mabaka mabaka. Bibi alikuwa akitungojea huko juu na chakula cha jioni, lakini tulikubaliana kulala Mombo. Shokapu zikichoka, tairi hurukaruka badala ya kung'ang'ania barabara, na kona za Soni hazitaki mchezo.

Asubuhi fundi alibadilisha shokapu zote mbili za mbele, maana hubadilishwa kwa jozi. Springi aliibana kwanza kwa kifaa chake, kwani ikifyatuka yaweza kuua. Akatuagiza tukapimishe mwelekeo wa magurudumu. Tukapanda polepole, watoto wakiimba.

Mama mpendwa, kabla ya safari ya Krismasi, kandamiza kona ya gari kwa nguvu, kisha uachie. Likiendelea kunesa, mwite fundi. Tumwombe Mungu ulinzi, na gari tulikague.