Mgeni Asiyepewa Jembe

Siku niliyofika Kassel, Ujerumani, Agosti 2021, mama mwenyeji alinipokea kwa vitu vitatu kabla sijatua begi: ufunguo wa nyumba, mfuko wa chupa tupu, na karatasi ya zamu iliyobandikwa kwenye friji. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa: Jumamosi, bafu. Chupa zilikuwa za kurudisha dukani, maana hapa chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja ina amana ya senti 25. Usiku huo nililala nikijiuliza nimemkosea nini huyu mama. Kwetu Mukuru kwa Reuben, Nairobi, mtu aliyeshuka kwenye ndege hapewi ufagio.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa hata hizo mbili.

Nilikuja kwa mpango wa weltwärts, ambao serikali ya Ujerumani huugharamia ili vijana wa miaka 18 hadi 28 wakajitolee katika nchi nyingine. Ulianza 2008, na kwa miaka mitano ya kwanza njia ilikuwa ya upande mmoja: wao kuja kwetu. Mlango wa sisi kwenda kwao ulifunguliwa 2013, na wanaotoka Ujerumani bado ni wengi mara kadhaa kuliko wanaoingia. Wenyewe wanaita kubadilishana.

Huko kubadilishana nilikuwa nimekuonja zamani. Nikiwa darasa la saba, basi la vijana kutoka ng'ambo lilikuja shuleni kwetu, wote wamevaa fulana za rangi moja. Tuliimba, wakapiga picha, kisha wakapaka ukuta wa darasa rangi ya samawati. Jirani yetu wa ploti alikuwa fundi wa rangi. Siku hiyo hakuwa na kibarua. Alisimama langoni, mikono nyuma, akitazama watoto wa watu ambao hawajawahi kushika brashi wakijimwagia rangi viatuni. Saa kumi jioni basi likageuzwa. Waliambiwa mtaa si salama giza likiingia.

Msichana mmoja aliomba kuona kwetu. Alikuja na mwalimu, kwa dakika ishirini. Mama alikopa soda dukani, glasi kwa jirani wa mlango wa pili, na kiti kwa jirani wa mlango wa nne. Chumba chetu ni cha mabati, futi kumi kwa kumi. Kiti kilipoingia, kaka yangu ilibidi atoke. Mama alikuwa akikata sukuma wiki. Yule msichana akanyoosha mkono achukue kisu amsaidie. Mama akakiondoa haraka: "Wacha, wewe ni mgeni!" Akakaa hivyo hivyo, mikono magotini, hadi soda ikaisha.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kuwacheka wageni. Nilipokuwa nikisugua lile bafu la Kassel ndipo nilipouona upande wetu. Sisi ndio tuliomnyima jembe. Tuliuita ukarimu, lakini ndani yake mlikuwa na aibu. Jembe la Reuben ni kupanga foleni na mtungi wa lita ishirini. Ni kujua choo cha ploti kimefungwa kwa kufuli la nani. Ni kuruka mtaro wakati mvua imenyesha na Mto Ngong umefura. Ukimpa mgeni jembe hilo, umemwonyesha nyumba inapovuja. Afadhali soda ya deni.

Mama mwenyeji aliponiona nimenuna, alinisimulia yake. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Ufaransa kupitia ofisi ya vijana ambayo nchi hizo mbili ziliianzisha 1963, baada ya Mkataba wa Élysée, ili watoto wa watu waliouana vitani wajuane. Alilala chumba kimoja na msichana wa Kifaransa ambaye babu yake hakutaka kusikia Kijerumani mezani. Kila asubuhi walimtuma mkate. Mwaka uliofuata yule Mfaransa akaja kulala kwao, naye akaosha vyombo. "Zamu kwa zamu," alisema. Kunipa bafu ilikuwa njia yake ya kuniambia kwamba mimi ni wa nyumba.

Kumbe Wajerumani wanajua vizuri kubadilishana ni nini, wakibadilishana na jirani yao. Wakifika kwetu ndipo zamu inapopotea. Mimi najua sabuni yao inakaa wapi. Wao wanaijua Reuben ya kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni.

Lakini sisemi karatasi ya friji ndiyo utu. Jirani wa ghorofa ya juu tulikutana ngazini mwaka mzima, tukasalimiana kwa kichwa tu. Jina lake nililisoma kwenye sanduku la barua. Kumtembelea mtu, mpange siku wiki moja kabla. Kwetu ukuta ni bati: jirani akikohoa usiku, asubuhi unamwuliza ameamkaje. Ujerumani nilipewa jembe siku ya kwanza, lakini shamba nililima peke yangu.

Katika semina moja tuliambiwa kila mtu achore utamaduni wake. Wajerumani walihangaika; mmoja akachora mkate. Mimi nilichora mcheza ngoma wa Kikamba, yuko hewani anapinduka. Nikapigiwa makofi. Sikuwaambia kwamba ngoma hiyo nimeionea kwenye tamasha za muziki za shule, wala kwamba Kitui, ninakosema ndiko kwetu, sijalala hata usiku thelathini. Nyumbani nikiulizwa natoka wapi, hujibu Kitui. Nikiandika barua ya kuomba kazi, huandika South B, kwa kuwa anwani ya Mukuru inaweza kukumalizia mahojiano kabla hujaitwa. Reuben, nilikozaliwa, haikuwahi kuwa jibu la swali lolote.

Juni 2022 yakafunguliwa maonyesho ya sanaa ya documenta, ambayo hufanyika Kassel kila baada ya miaka mitano. Nikasikia kuna Wakenya. Nilipofika documenta Halle nilidhani nimepotea: uso wa jumba lile la vioo ulikuwa umevikwa mabati yenye kutu, na ndani unaingilia njia yenye giza. Ilikuwa kazi ya Wajukuu, kikundi cha wasanii wa Lunga Lunga, majirani zetu wa humo humo Mukuru, ambao mwaka huo walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Wazungu walikuwa kwenye foleni ya kuingia mabatini. Hakuna aliyewaimbia, hakuna aliyewakopea kiti. Mlango ulikuwa wa watu wa Mukuru, na aliyetaka kuona aliingia kwa mlango huo. Mzee mmoja kwenye foleni akaniuliza natoka wapi.

"Hapa," nikamwambia, nikaligusa bati.

Mwaka jana mama mwenyeji alisafiri kwenda Nairobi. Kabla hajafika nilimpigia mama simu nikamwomba asikope kiti.

"Kwa hivyo nimpe nini?"

Nikamwambia ampe kisu na sukuma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Ulaya imeniharibu.

Siku ya ziara nilikaa na simu mkononi tangu asubuhi. Mama alipiga usiku.

"Huyo mama yako wa Ujerumani hajui kukata mboga," alisema. "Vipande kama vidole! Nimemwambia kesho aje mapema nimfundishe. Halafu ashike mtungi, twende naye bombani."