Mwalimu Wetu wa Barabara ya Kimathi

Mwezi wa Aprili 2020, Ramadhani ikikaribia, sisi tuliokuwa tukila kwa kalamu ya Kiswahili jijini Nairobi tuliondokewa na Profesa Ken Walibora. Hakuwa ndugu yetu kwa nasaba wala kwa dini. Alikuwa rafiki, na kazini alikuwa mwalimu.

Wasomaji wetu wengi walimjua kupitia watoto wao, waliosoma *Kidagaa Kimemwozea* kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Kabla yake ilikuwako *Siku Njema*, ya mwaka 1996. Humo, mtu huyu aliyelelewa Cherang'any, bara kabisa, alimfanya mwimbaji wa taarabu wa Tanga, Zainabu Makame, kuwa mama wa shujaa wake, na shujaa akamwita Kongowea Mswahili. Sisi wa Pwani tuliiona lugha ya mama zetu imepokewa kwa mikono miwili.

Katikati ya jiji, katika jengo la Nation, Barabara ya Kimathi, alisoma habari za runinga. Aliporudi kutoka Marekani, alikofundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikabidhiwa kusimamia ubora wa Kiswahili katika shirika hilo. Kazi hiyo ni nzito, maana humfanya mtu aonekane mchunguzi wa dosari za wenzake. Yeye alisahihisha pasi na kumvunjia mtu heshima: neno lilirekebishwa, na mwenye neno akasitiriwa. Kwetu, hiyo ilikuwa adabu kabla ya kuwa sarufi.

Ijumaa ya tarehe 10 aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies. Tangu tarehe 6 jiji lilikuwa limefungwa kwa sababu ya korona. Usiku kafyu, na Msikiti wa Jamia umefunga milango yake. Tulikuwa tumetawanyika majumbani, huyu Kangemi, yule Kawangware, mwingine Westlands. Kimya cha mtu hakikumshtua yeyote, kwa kuwa kila mtu alikuwa kimya. Kumbe siku hizo amelala katika chumba cha maiti bila kutambuliwa. Habari zilitufikia Jumatano, tarehe 15. Sauti iliyoingia katika nyumba za nchi nzima ilikosa mtu wa kusema, "Huyu namjua."

Alizikwa kwao Trans Nzoia mbele ya watu wachache. Sisi hatukuruhusiwa kutoka jijini. Rambirambi tulizituma kwa simu.

Ndugu zetu, mama zetu, elimu yake ingali mikononi mwa watoto wetu, na kila anayesahihisha kwa upole anaiendeleza. Lakini kuna haki nyingine tuliyofundishwa na msiba huu. Wajueni marafiki wa wana wenu na wa waume zenu. Wekeni nambari za jamaa zao. Na aliyekufunza kazi, mjulie hali leo, angali anaweza kuitikia salamu.