Kwa Pikipiki Hadi Geita

Ted Simon aliondoka London kwa pikipiki mwaka 1973, akaizunguka dunia kwa miaka 4. Apangaye safari ya namna hiyo kupitia Shinyanga, ramani peke yake haitamtosha. Barabara kuu ina lami. Lakini ukiiacha wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbugani hushindilia kati ya gurudumu na madigadi mpaka pikipiki ikagoma. Na apite basi kiangazi, kati ya Juni na Septemba, tena mizigo iwe michache. Zamani, atokaye Mwanza kwenda Geita alingoja kivuko baina ya Kigongo na Busisi. Tangu mwaka 2025 lipo daraja la kilomita 3. Muda uliookolewa autumie kuwasikiliza wachimbaji wadogo, wanaopakia viroba vya mawe juu ya pikipiki kila siku.