Vifaranga wa Mjane

Mjane mmoja wa Handeni alikuwa na vifaranga 12, akitumaini kuwauza wakikua ili mwanawe apate sare ya shule. Kwa kuogopa mwewe aliwafungia bandani, akawalisha pumba na dagaa vilivyokaa guniani hata vikanuka. Walipopata majuma matatu walianza kupepesuka na kuanguka, shingo zimepinda, watano wakafa. Majirani wakasema wamelogwa.

Kaka yake, mfugaji wa Korogwe, alikuja akanusa chakula kile. “Dada,” akasema, “uchawi umo guniani.”

Maana hewa huharibu mafuta ya chakula kama kutu ilavyo chuma. Kinachoyalinda ni vitamini E, waliyoigundua Herbert Evans na Katharine Bishop huko Marekani mwaka 1922. Nayo imo katika majani mabichi. Kifaranga akiikosa, ubongo wake hudhurika.

Basi mama alilitupa gunia, akatafuta pumba mpya, na kila siku akachuma majani ya mlonge, mti unaostahimili kiangazi. Wawili waliokwisha kupinda shingo hawakupona, watano wakakua. Sare ikapatikana, viatu vikangoja.